Mtungi wa Ngollo

Asubuhi ile Apolinaria aliinamisha mtungi ajaze sufuria ya uji, maji yasitoke. Akauinamisha zaidi, mpaka mdomo ukatazama chini kabisa. Maji yalikuwamo, aliyaona yakimeta, ila hayakutaka kushuka. Akaurudisha mtungi kwenye ngata yake, akaenda kuangalia maziwa. Maziwa nayo yalikuwa yamegoma.

Aliijua ishara hiyo, kwani ilikwisha kutokea katika ua uleule wa mtaa wa Ng'ambo. Mwaka ambao shemeji yake Masele alijifungia ndani akiugulia, mtungi wa mkewe, Ngollo, uligoma vivyo hivyo. Ukoo ukasema Ngollo amemroga mume, wakamrudisha kwao Nzega na alichokivaa. Maumivu ya Masele yaliisha, lakini hakuwa mume wa mtu tena, wala hakupata mtoto mpaka alipofariki. Mtungi wa Ngollo ulikuwa bado unaning'inia upenuni, mdomo chini, maji yake ndani. Watu waliinamisha vichwa kuupita.

Sasa aliyejifungia alikuwa Modest, mwanawe wa pekee, mtu mzima aliyeoa mwaka jana, kibarua wa reli huko Kaliua. Alirudi jana kwa gari moshi baada ya kubeba mataruma juani kutwa. Tangu utoto mifupa ilikuwa ikimuuma, ikiacha, ikiuma tena, na Apolinaria alizoea kumsugua kwa mafuta. Leo aliguna kwa sauti ya mtu anayeona haya.

"Anasemaje?" Apolinaria alimuuliza mkwewe Josepha.

"Hasemi, mama. Tangu usiku. Hataki hata nimguse."

Mama hamuulizi mwanawe wa kiume habari za chini ya kitovu. Apolinaria hakuuliza. Hapo ndipo mama wengi wanapowapoteza watoto wao, na yeye alikaribia.

Wifi yake Flavia alifika na bakuli la dawa ya mizizi, ya kupasha mwili moto. Akautazama mtungi, kisha akamtazama Josepha.

"Yale yale ya Ngollo," akasema. "Huyu afunge mzigo wake."

Akaimimina dawa kikombeni. Dawa ikabaki bakulini. Josepha akaanza kukunja nguo zake.

Apolinaria alijifunga kanga akaenda kwa Selemani, fundi cherehani wa mtaa wa pili. Selemani alikuwa Mzaramo, na Mzaramo ni mtani wa Mnyamwezi tangu babu zao walipobeba mizigo pamoja kwenye njia ya misafara. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote, hata msibani.

"Maji yamegoma na Modest hatoki," alimwambia. Selemani, aliyeyajua ya Masele, akachukua kofia yake.

Alisimama mlangoni kwa Modest, akapaza sauti ua mzima usikie.

"We Mnyamwezi, mla asali. Hata bendera ya gavana hushushwa jioni. Yako inangoja nini?"

Ndani, Modest akacheka, na kicheko kikageuka kilio.

"Haishuki, mtani. Na hamu sina hata chembe. Inauma kama jipu."

"Basi huo si urijali, ni ugonjwa. Vaa kanzu yangu, ni pana. Ukifia humo ndani nitakuja kuliiba jeneza."

Hospitalini, Apolinaria alikaa kwenye benchi chini ya dirisha, na kibuyu cha maji ya mgonjwa ambacho nacho kilikataa kumimina. Ndani alimsikia Alois, daktari msaidizi, akisema bila haraka.

"Damu imeingia, imekosa pa kutokea. Hili na mifupa yako ni ugonjwa mmoja. Chembe za damu yako hujikunja kama mundu, zikashikana, zikaziba njia. Umezaliwa nazo, baba katoa na mama katoa. Jua bila maji huzidisha. Kusimama huku wengine huletewa na bangi, au dawa fulani, au kuumia. Mchawi sijamkuta bado. Ungengoja mpaka kesho, nyama hii ingekufa."

Akamchoma ganzi, akavuta damu kwa sindano. Ilikuwa nyeusi, nzito kama asali ya miyombo. Nje, Apolinaria alishika kibuyu mdomo chini, juu ya kikombe. Tone likaanguka. Likafuata jingine. Kisha maji yakamwagika, yakajaza kikombe, yakamlowesha kanga. Hakuyazuia.

Jioni uji ulimiminika. Josepha alikunjua nguo zake.

"Basi Masele naye alikuwa na damu hii," Apolinaria aliuambia ukoo. "Ngollo hakumroga mtu. Twende Nzega tumwombe radhi."

Flavia akajibu kwamba mambo hayo ni ya zamani, akaomba aongezwe uji. Wengine nao wakasogeza bakuli.

Hakuna aliyekwenda Nzega. Modest hunywa maji mengi, na Josepha ana mimba inayokaribia. Kisimani, Apolinaria huwaambia kina mama: mwenye mwana anayeumwa mifupa amwambie mapema, au amtafutie mtani wa kumwambia. Ikisimama, maharage makavu yakawekwa jikoni yakaiva na bado haijashuka, ni hospitali, si kwa shangazi. Wengine hucheka, ila husikiliza.

Kisha hujitwika ndoo akarudi nyumbani. Upenuni huishusha kwanza, akainamisha kichwa kuupita mtungi wa Ngollo, ambao maji yake hayajaanguka.