Nyuzi Tisini na Sita Chumbani kwa Mama Mkwe

Mama mkwe alinipa chumba chake cha nyuma nifanyie ufundi wa kompyuta, kwa sharti moja: nisimchomee nyumba. Siku alipopita akaona joto la nyuzi tisini na sita kwenye skrini, akashika kiuno.

"Baba, hizo nyuzi tisini na sita ni za nani?"

"Za prosesa, Mama, ule ubongo wa kompyuta. Hii ina grafiki humohumo ndani, haitaki kadi ya picha. Naipima kwa mchezo wa magari nione kama inahimili."

"Nimeuguza watu miaka thelathini na moja. Mwenye nyuzi arobaini na moja tulikuwa tunamkimbilia. Wewe una mwenye tisini na sita, na unamchezesha magari!"

Akanipa hadi saa kumi alasiri: joto lishuke chini ya themanini, au nihamie barazani na bisibisi zangu, nikafanye kazi na vumbi na kuku.

Nikaongeza feni. Tisini na tano. Nikafungua ubavu wa kasha. Tisini na sita. Mama mkwe naye keshavaa sare yake nyeupe, ambayo vifungo vyake vilimgomea tangu astaafu, kabandika chati ukutani, anaandika joto kila robo saa. Saa nane majirani wakaanza kuja kumwona mgonjwa. Mmoja kaja na machungwa. Fundi cherehani wa nyumba ya pili akaninong'oneza, "Ana mtu wa kumsaidia?"

"Ana feni mbili tu."

"Masikini!"

Saa tisa na nusu mama mkwe akasema, "Mfungue."

"Mama, nimemfunga vizuri mwenyewe."

"Ndiyo maana nasema mfungue."

Nikang'oa kipoza joto kinachokaa juu ya prosesa. Akavaa miwani, akachungulia chini yake, akavuta kwa ukucha kipande cha nailoni angavu, kile cha kiwandani ambacho hubanduliwa kabla ya kufunga. Akakiinua juu, kila mtu akione.

"Miaka kumi na mbili ya ufundi," fundi cherehani akasema, safari hii bila kunong'ona, "na mgonjwa wa homa umemwacha na koti la mvua?"

Nikapaka krimu ya kupitisha joto upya, nikafunga, nikawasha mchezo. Sitini na nane. Vigelegele!

"Haya, chumba ni chako," mama mkwe akakubali, huku akinisukuma taratibu hadi nje ya mlango. "Lakini ametoka kupasuliwa sasa hivi. Njoo kesho, na unawe mikono."