Sekunde Kumi na Nne za Mama

Bosi wetu tulimwita Bwana Maono, maana kila alipoishiwa cha kusema alisema ana maono. Maono yenyewe, nyoo! Alipewa kazi ya kutengeneza tovuti ya simulizi za wafanyakazi wa zamani wa kiwanda cha nyuzi, na hakuwahi kumsikiliza hata mmoja wao. Mimi ndiye niliyewarekodi, nikaandika maelezo ya kila mtu na kupakia sauti zao. Yeye alichagua rangi ya ukurasa, na ilimchukua wiki tatu.

Mama yangu alikuwa wa tisa kurekodiwa. Alifanya kazi pale miaka thelathini na mmoja. Nilimrekodi sebuleni kwetu, Baba akiwa pembeni, naye Bwana Maono amekuja ili apigwe picha tu. Mama alizungumza dakika arobaini: mashine, vumbi, msimamizi aliyekuwa akiwafungia mlango kwa nje. Wiki mbili baadaye akafariki. Baba hakulia mbele za watu, ila kila asubuhi aliniuliza, "Mwanangu, hiyo tovuti inafunguliwa lini? Nataka kumsikia."

Nilirudi kazini kutoka msibani, nikafungua ukurasa wa Mama. Ikatoka sauti ya binti wa redioni, laini, inasoma maneno ya Mama kama tangazo la sabuni.

"Nini hiki?"

"Maboresho," akasema Bwana Maono huku anajitengeneza tai. "Wale wazee wanakohoa, meno hawana, hawavutii. Nimempa binti asome zote upya."

"Na zile za mwanzo ziko wapi?"

"Nimefuta. Zilikuwa zinajaza nafasi."

Lahaula! Tovuti ya sauti za watu, na mtu mzima hovyo kafuta sauti za watu! Nikamtazama usoni nitafute walau chembe ya aibu. Hamna. Alikuwa anauliza kama chai imeshaletwa.

Nilipekua kompyuta zote, patupu. Kwenye kinasa sauti changu ndipo nilipopata kitu: jaribio la Mama, sekunde kumi na nne. Kabla ya mazungumzo huwa namwacha mtu aseme lolote nipime sauti, na vijipande hivyo sivipakii popote wala sivifuti; mazungumzo yenyewe nikishayapakia huwa nayafuta humo.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa wazee na jamaa zao. Baba alikaa mstari wa mbele, kavaa koti lake la harusini. Bwana Maono alihutubia nusu saa nzima, eti tunawapa sauti wasio na sauti. Ebo! Nani aliwanyang'anya? Kisha akabonyeza kitufe cha tovuti ili tusikie neno lake la ukaribisho alilolirekodi. Asubuhi ile nilikuwa nimeliondoa.

Spika zikakohoa. Kikohozi cha Mama.

"Sasa niseme nini? Kinanisikia hiki? Na huyu mwenye tai mbona kasimama tu, hana kazi? Haya. Baba watoto, umekunywa dawa? Usinidanganye."

Wazee wakaangua kicheko. Bwana Maono, jasho linamtoka, akawa anabonyeza ovyo ovyo, na kila akibonyeza Mama anaanza upya.

Mara ya tatu Baba akasimama, akavua kofia.

"Bado, mama watoto," akasema, akaanza kupapasa mifuko ya koti akitafuta vidonge.