Mkubwa, Mdogo na Kompyuta Mbili

Fundi rangi alikuwa kwenye benchi la mapokezi, kiganja kimebana kinena, akiambiwa jambo ambalo hajawahi kuambiwa na mtu mwenye akili timamu.

"Baba, hii ngiri ulishapasuliwa," dada wa kumbukumbu alisema, macho kwenye kompyuta. "Mwaka juzi. Ukapona."

"Nimepona?"

"Ndivyo inavyosema."

"Na hiki kilichotuna hapa ni nini, ndimu nimeificha?"

Benchi zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka, maana kucheka kulimuuma. Daktari alikuwa amemwambia bila kuzungukazunguka: utumbo umeanza kubanwa, lazima apasuliwe leo, ukiachwa utaoza. Lakini chumba cha upasuaji hakipokei mtu bila oda ya kompyuta, na kompyuta ilikataa katakata kutoa oda ya kazi iliyokwisha fanyika. Daktari mwenyewe alijaribu kuilazimisha, ikamgomea.

Dada akamweleza kwamba siku hizi kompyuta za hospitali zimeunganishwa na za zahanati ya mtaani, zipashane habari za wagonjwa, mtu asirudie maelezo kila aendako. "Zahanati ndiyo imetuletea habari zako."

Fundi akawaza, akawaza, kisha akajipiga paji la uso. "Hizo ni za pacha wangu!"

Na kweli. Tarehe ya kuzaliwa moja, baba mmoja, mtaa mmoja. Hata namba ya simu ilikuwa moja, kwani simu ya fundi ilitumbukia kwenye ndoo ya rangi na tangu hapo alikuwa akitoa ya kaka yake. Majina yao, ambayo nyumbani hayana kazi kwa kuwa wanaitwa Mkubwa na Mdogo basi, zahanati iliyaandika kwa herufi ya mwanzo tu, na herufi yenyewe ni ileile. Kompyuta ikaona hawa ni mtu mmoja, ikawakunja pamoja kama shuka.

"Basi tuwatenganishe," dada alisema. "Nikisoma, niambie lako au lake. Jino lililong'olewa?"

"Lake. Yangu yote ninayo."

"Mguu ulioteguka?"

"Wangu. Nilianguka na ngazi."

"Malaria kali?"

"Yangu. Au yake? Tulilazwa kitanda kimoja."

"Naiacha kwa wote. Asipewe penisilini, alipochomwa utotoni alivimba, akakosa pumzi?"

"Ya Mkubwa hiyo! Nyumbani hakuna asiyeijua."

Dada akabonyeza, oda ikatoka. Fundi alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Wakamvalisha gauni la kufungwa mgongoni, wakamfunga mkononi utepe wenye jina lake, wakamlaza. Sista akaja na sindano tayari.

"Ya kuzuia usaha hii, jamii ya penisilini. Haina shida na wewe?"

"Na mimi haina. Ina shida na kaka yangu."

Hapo mlango ukasukumwa. Mkubwa, fundi cherehani, akaingia anahema, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Nimeletewa ujumbe kwenye simu kwamba leo napasuliwa ngiri! Mara ya pili! Nimeitoa wapi nyingine?"

"Ni mimi, bwana wee. Kompyuta zilituchanganya. Sasa ziko sawa, hata ile penisilini yako nimekurudishia."

Mkubwa akaiangalia sindano. "Hivi Mdogo, wewe unakumbuka mimi kuvimba?"

"Si ndivyo isemwavyo?"

"Nakuuliza unakumbuka. Maana mimi sikumbuki."

Mdogo akatafuta kichwani uso wa kaka yake umevimba. Hakuupata. Alichopata ni dari, balbu inayozunguka, na kifua kizito kama kimekaliwa na mtu. Miaka yote alidhani ni ndoto.

Sista akairudisha sindano kwenye sinia. "Mpigieni mama yenu."

Wakampigia, spika ya simu wazi.

"Mama, aliyevimba kwa sindano ni nani?"

"Wewe ni yupi?"

"Mdogo."

"Alivimba Mkubwa, mwanangu. Alivaa shati la bluu. La bluu la Mkubwa, la kijani la Mdogo, ndivyo nilivyowajua."

Mkubwa akakohoa. "Mama, tulikuwa tunabadilishana."

"Mnabadilishana nini?"

"Mashati. Huyu alikuwa analililia la bluu."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipojua vifungo."

Simuni kikasikika kiti kikivutwa. Kisha mama akauliza, taratibu, "Sasa mimi nilikuwa namchapa nani?"

Daktari akabadilisha dawa. Mdogo akaomba aitiwe dada wa kumbukumbu.

"Lile onyo la penisilini, dada, nirudishie."

"Kwa kaka yako niliondoe?"

Ndugu wakatazamana.

"Liache," Mkubwa alisema.

"Lakini mmoja wenu halimhusu."

"Tunajua. Tuambie yupi."

Dada akaenda kuliandika kwa wote wawili.

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji, daktari wa usingizi alimwinamia na kumuuliza lile swali aulizwalo kila mgonjwa. "Wewe ni nani?"

Fundi akainua mkono, akausoma utepe kwanza.