Ugomvi wa Dirisha la Jikoni

Mume wangu alikuwa mwashi, mdogo wake seremala. Mmoja alijenga kuta, mwingine akaezeka paa, na hati ya nyumba ikabeba majina yao yote mawili.

Miezi minne baada ya kumzika mume wangu, mteja aliyekuja kupunguziwa gauni aliniambia, "Shoga, mkiandikwa wawili, mmoja akifa nyumba yote ni ya aliyebaki. Kwetu ilitokea." Nilikuwa na pini mdomoni; nusura nizimeze.

Nikaitoa hati sandukuni. Majina yalisomeka, ila mstari wa chini yake, unaoeleza wanamiliki vipi, ulikuwa umefutwa na maji ya paa linalovuja.

Sikutaka kumdhania mtu vibaya. Nikampelekea shemeji mwenyewe. Aliitazama, penseli sikioni.

"Shemeji, hata mimi silali," akasema. "Ikiwa yangu yote, wewe na watoto mtaishi kama wapangaji kwenye kuta za kaka. Twende ofisi ya ardhi."

Karani, mama mmoja mpole, alilipangusa jalada vumbi.

"Kuna umiliki wa pamoja: nyumba haina mafungu, anayebaki huchukua yote. Na kuna wa hisa: kila mmoja na fungu lake, na la marehemu huenda kwa warithi wake."

"Sisi ni upi, mama?" Sauti yangu ilinitoka nyembamba kama uzi.

Alifunua karatasi moja, kisha nyingine. "Walianza na wa pamoja. Halafu wakaukata, wakasaini pembeni wote wawili. Ni hisa, nusu kwa nusu."

Nilikaa bila kuambiwa karibu. Shemeji alicheka mpaka akashika meza.

"Dirisha la jikoni! Sasa nimekumbuka. Tulikuja hapa tumenuniana. Kaka aliacha tundu dogo, fremu yangu ikagoma kuingia, nikaupiga patasi ukuta wake. Akamwambia karani, 'Kata hiyo! Kila mtu na lake. Nikitangulia, huyu asije akaubomoa wote.'"

"Na wewe ukasaini?"

"Kwa hasira, shemeji! Tena kwa herufi kubwa."

Tulitoka nje. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, nilisikia njaa.

"Sasa lile dirisha ni la nani?" akaniuliza.

"Tundu langu, fremu yako."

Kesho yake asubuhi alipanda na nyundo kuziba paa. Alianzia upande wangu.