Mikono Minne Chunguni

Nunu, mtoto wa jirani, alikuja mbio kutoka upande wa duka la baba yake, akamnyang'anya Hija kipande cha muhogo wa kuchoma, akaondoka mbio vilevile. Hija hakulia. Alikaa pale pale kwenye jamvi, miguu yake minene imelala mbele yake, akautazama mkono wake mtupu, kisha akamtazama mwizi wake akitokomea nyuma ya ua wa makuti. Na huyo Nunu alizaliwa baada yake.

Mwanaheri aliyaona yote hayo akichambua mchele kwenye ungo, moyo ukamchoma. Mtoto kunyang'anywa muhogo si habari. Watoto wa Temeke nzima hunyang'anyana. Kilichomuuma ni ule utulivu. Mwanawe alikuwa amekwisha kuzoea kwamba dunia ni ya wanaotembea, na kwamba kazi yake yeye ni kuitazama ikipita. Akainuka, akampelekea kipande kingine.

Hija alikuwa amepita mwaka na nusu. Meno alikuwa nayo, maneno pia, tena ya kuchekesha: kila jogoo aliyepita uani alimwita "baba". Miguu tu ndiyo iliyogoma. Walimchimbia shimo la mchanga nyuma ya nyumba, wakawa wanamsimamisha humo hadi kiunoni kila asubuhi ili magoti yapate nguvu, kama walivyofanyiwa wazazi wao. Hija akawa anasinzia humo kama mzee anayesubiri kahawa. Mwanaheri akambeba mgongoni hadi hospitali ya Serikali mjini. Bibi daktari wa Kizungu akamkunja na kumkunjua miguu, akamgonga magoti kwa kinyundo, na Eufrazia, muuguzi aliyekuwa akitafsiri, akasema, "Hana ugonjwa, mama. Wapo wanaochelewa. Mpe muda."

"Muda!" Bi Hamisa, mama mkwe wake, alicheka kicheko kichungu alipoletewa habari hiyo. "Muda unauzwa duka gani? Mtoto huyu kabemendwa."

Hakuna mtu wa Temeke asiyejua maana ya neno hilo. Mtoto angali ananyonya, mzazi wake mmoja akatoka nje ya ndoa, basi uchafu wa mzazi humwingia mtoto. Akadhoofu, akalegea miguu. Ndivyo walivyoamini wazee, na ndivyo alivyoamini Mwanaheri tangu alipokuwa mwali. Kwa hiyo mtoto asiyetembea hakuwa mgonjwa tu, alikuwa shahidi. Kila jirani aliyepita kumjulia hali Hija alimtazama kwanza mtoto miguuni, halafu mama usoni.

Mwanaheri alijijua. Tangu aolewe hakuwa amemwinulia jicho mwanamume mwingine. Na kama si yeye, waliobaki walikuwa wangapi? Hapo ndipo usingizi ulipompotea. Mumewe Mwinjuma alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Mhindi kule Kariakoo, mtu wa maneno laini, asiyejua kupandisha sauti. Mfungo uliopita, kazi za Idi zilipozidi, alikuwa akilala huko huko dukani, akirudi na macho mekundu na halua ya kumtuliza mkewe. Mwanaheri aliila halua ile kwa furaha, hata kidole akalamba. Sasa akiikumbuka alitamani kutapika.

Bi Hamisa alipomwita Bi Mwanabaraka, mkunga aliyesifika kwa dawa za watoto, Mwanaheri alimfuata mumewe chumbani jioni ile. Mwinjuma alikuwa akipachika vifungo kwenye shati la mtu.

"Baba Hija, kesho Bi Mwanabaraka anakuja."

"Mama kaniambia."

"Kama lipo neno, niambie mie leo. Mie peke yangu. Sitapiga kelele."

Mwinjuma aliukata uzi kwa meno. "Neno gani tena, Mama Hija? Kazi imenijaa, nawe unaniletea mambo ya uani."

"Nimekuuliza tu."

"Na mie nimekujibu tu," alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha Mwanaheri. Mtu asiye na kosa angekasirika.

Asubuhi Bi Mwanabaraka akaja na kikapu cha mizizi. Chungu kikabandikwa, mizizi ikachemka mpaka maji yakawa mekundu, kisha kikaepuliwa na kuachwa kipoe. Mkunga akajikalia kwenye mbuzi ya kukunia nazi, Hija mapajani mwake, akawatazama wote mmoja mmoja.

"Dawa yangu haina maneno mengi," alisema. "Aliyekosa aseme kwa kinywa chake, mbele ya wenziwe. Akishasema, baba na mama watie mikono chunguni, mikono minne, wamwoshe mtoto miguu. Asiposema mtu, chungu namwaga na kwangu narudi. Mficha uchi hazai, wanangu."

Bi Hamisa alimtazama Mwanaheri, na Mwanaheri peke yake; haikumpitia akilini hata kidogo kwamba uani mle alikuwemo pia mwanawe wa kumzaa. Mwinjuma alikitazama chungu. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na vidole vyake vikawa vinakipapasa kifungo cha kanzu, vinakiacha, vinakirudia.

Sema, Mwanaheri alimwomba moyoni. Sema tu, baba, nitakusamehe. Lakini kadiri kimya kilivyorefuka ndivyo alivyojua mambo mawili: kwamba mumewe alikuwa na la kusema, na kwamba hatalisema. Angemwacha mwanawe akae kwenye jamvi hadi aote ndevu, kuliko kuaibika mbele ya mama yake. Bi Mwanabaraka akapumua kwa nguvu, akamweka mtoto chini, akakishika chungu kwenye ukingo.

Hapo wazo likamjia Mwanaheri. Dawa inataka mikono. Wanaotaka kinywa ni watu. Ikiwa mikono yenye kosa itaingia chunguni, mizizi itajuaje ni nani aliyesema?

"Ni mie," alisema.

Bi Hamisa alijipiga mapaja kwa vishindo, akamwita Mola wake. Mwinjuma aliinua uso ghafla, midomo ikamcheza, na Mwanaheri akadhani sasa atasema. Mwinjuma akakunja mikono ya kanzu, akapiga magoti, akaitia mikono chunguni.

Walimwosha mtoto pamoja. Vidole vyao viligusana ndani ya maji, na Mwinjuma akavihamishia vyake kwenye mguu wa pili. Hija alicheka sana. Alidhani ni mchezo.

Mkunga alipoondoka, Bi Hamisa akatoa hukumu yake bila kukaa kitako. "Sikufukuzi leo kwa kuwa mtoto ananyonya. Lakini siku atakayotembea ataachishwa ziwa, nawe utarudi kwenu Kibamba. Mtoto atabaki kwa baba yake. Mwanangu halali tena na mwanamke wa namna hiyo."

"Mama, tusifanye haraka," Mwinjuma alisema. Kisha akachukua baiskeli yake, akaenda kazini.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Mwanaheri alihamishiwa chumba cha mama mkwe, akawa analala chini na mwanawe, mumewe upande wa pili wa ukuta akijigeuza kitandani. Akifika kisimani, mazungumzo ya wanawake yalikatika, wakaanza kusifia maji. Yote hayo aliyastahimili. Lililomshinda ni sala. Zamani alikuwa na dua moja, nyepesi, kila mtu angeitikia amina. Sasa kila alipoinua viganja kumwombea Hija miguu, moyo wake uliomba icheleweshwe kidogo, na alipousikia moyo wake akaona aibu mbele ya Mungu. Naye Mwanaheri alimchukia Mwinjuma. Alimchukia mpaka akachoka, akakumbuka alivyomshonea gauni la uzazi kwa vipande vya hariri vilivyobaki dukani, akamwonea huruma. Kisha akamchukia upya.

Ikawa siku moja baada ya adhuhuri, Bi Hamisa amejinyoosha ndani, Mwanaheri anafua uani. Alisikia mtoto akiguna. Alipogeuka, Hija alikuwa ameshika rundo la kuni na kujiinua, anayumba, matako nje, uso umekunjamana kwa kazi. Akaziachia kuni. Akaja. Alikuja miguu imeachana, mikono juu, mpaka akaikumbatia shingo ya mama yake aliyechuchumaa na povu mikononi, akacheka masikioni mwake.

Mwanaheri akamshika kwa nguvu, machozi yakamtoka, huku macho yake yakiuchungulia mlango. Hapakuwa na mtu. Hakuna aliyeona. Kesho, alijisemea. Au keshokutwa, au mwezi ujao. Akamwekea mwanawe mikono mabegani, akamkandamiza chini taratibu akae. Hija alikataa. Magoti yale yaliyokuwa yakilegea yakamkaidi, yakasukuma juu, na nguvu yake Mwanaheri akaisikia hadi viganjani. Akaiondoa mikono yake kama aliyejiunguza.

"Mama!" aliita. "Mama, njoo! Njoo umwone Hija!"

Bi Hamisa alitoka kichwa wazi, akapiga vigelegele mpaka majirani wakaacha vyungu motoni. Ua ukajaa. Hija akatembezwa kutoka mikono hadi mikono. "Mnaona?" Bi Hamisa aliwaambia wageni wake. "Ukweli ukishasemwa, dawa hufanya kazi." Wanawake waliitikia, wakamtazama mtoto miguuni, wakamtazama mama usoni.

Alasiri Mwinjuma akafika na baiskeli, akaikuta shangwe. Wanawake wakampisha. Hija alipomwona aliiachia kanga ya bibi yake, akaanza kumwendea, mikono juu, akiita, "Baba!" Mwinjuma akarudi nyuma hatua moja. Wanawake wakacheka, wakadhani anampa mtoto nafasi ya kutembea zaidi. Mwanaheri hakucheka.

"Mpokee, Baba Hija," alisema. "Asianguke."

Mwinjuma aliidondosha baiskeli, akapiga magoti, mtoto akamwangukia kifuani. Alipoinua macho, mama yake alikuwa anatoka ndani na kikapu cha nguo za Mwanaheri. Akakiweka kizingitini, mbele ya watu wote.

"Mama," Mwinjuma aliita.

"Nakusikia, mwanangu. Sema."

Mwinjuma alifumbua mdomo, akaufumba. Kisha akamgeukia mkewe, macho yakimsihi aseme yeye tena, kama siku ile ya chungu.

Safari hii Mwanaheri hakumsemea.