Aliyekataa Kungoja Mwezi

Kama kuna mtu pale Kambu aliyewahi kumwona Muthama ameketi akatulia, ajitokeze aseme. Hayupo. Kanisani alisimama nyuma karibu na mlango, na mchungaji akadhani ni unyenyekevu. Hotelini alikunywa chai akiizunguka meza, mpaka mwenye hoteli, Gicheru, akawa anamtania: "Mzee, nikulipishe kiti au nikulipishe barabara?" Watu walicheka, naye alicheka, lakini mkono wake haukutoka kwenye nyonga ya kulia.

Mle nyongani mlikuwa na chuma. Kilikaa humo tangu vita vya Burma, na kwa miaka mingi kilikaa kama mgeni mwenye adabu zake. Mwaka huo wa sabini na nne kikaamka. Daktari wa Makindu alimpiga picha ya eksirei, akaiinua dirishani. "Hiki ni kipande cha bomu, Mzee. Na mfupa umeanza kuoza. Ukikaa nacho mwaka mwingine, tutakata mguu."

Nairobi kulikuwa na ofisi iliyowapeleka hospitali askari wa zamani waliojeruhiwa ng'ambo, wakapasuliwa bure. Muthama alishika njia kesho yake asubuhi. Yeye na kungoja hawakuwa marafiki.

Karani wa pale, msichana mpole aitwaye Wariara, alifungua faili lake akalisoma mara mbili. "Mzee, hapa wewe hukutoka Kenya. Imeandikwa ulikuwa stoo, Nairobi, mpaka vita vikaisha."

"Ni uongo huo!"

"Uongo wa nani, Mzee?"

Muthama alijua vizuri sana ni wa nani.

Wariara akamweleza la kufanya: arudi Mwingi alikoandikishwa jeshi, apate barua ya chifu, na watu wawili wa wakati ule waape kwamba alivuka bahari. Faili litarekebishwa, mguu utapona. Lilikuwa jambo rahisi kwa mtu yeyote isipokuwa Muthama.

Maana uongo ulikuwa wake mwenyewe, na afadhali tuuseme sasa tusizungukane. Aliporudi kutoka Burma, mwaka wa arubaini na sita, alishuka kwenye lori hapo Mwingi akaenda nyumbani mbio na kuchechemea kwake. Baba yake alimzuia langoni. Mila ilikuwa wazi: mtu aliyetoka kuua haingii bomani. Hulala nje, hamgusi mkewe, hali chungu kimoja na watu, mpaka mwezi mpya uandame na mzee wa ng'ondu aje kumnyunyizia dawa ya majani na tumbo la mbuzi. Asiposafishwa, ule unajisi wa damu, thavu, humfuata mpaka ndani. Na thavu haimpigi yeye, inapiga watoto wake.

Sasa mwezi ulikuwa umeandama juzi yake tu. Angengoja karibu mwezi mzima. Na Kaluki, aliyemwoa wiki chache tu kabla ya kwenda vitani, alikuwa nyuma ya nyumba akitwanga mahindi, na mchi ukisikika mpaka langoni.

"Umevuka bahari, mwanangu?" baba akauliza. "Umeona damu?"

"La, nau, baba yangu. Nilikuwa Nairobi, stoo, nahesabu blanketi."

Mzee wa watu alicheka kwa furaha akamfungulia. Kovu lile? Kreti ya nyama ya kopo ilimwangukia. Kitabu chake cha jeshi Muthama alikitupa chooni. Miaka ikapita, karani wa serikali akaja kuandika upya askari wa zamani, akakuta Muthama yuko Thika anakata mkonge. Baba ndiye aliyejibu. Alisema alichoambiwa, kwa moyo safi, na karani akaandika.

Kaluki alizaa watoto watatu, na wote walikufa. Wawili walichukuliwa na surua, mwaka ambao nusu ya lokesheni ililia. Wa tatu alilazwa mchana na hakuamka. Hapo ndipo Mutindi, dada yake mkubwa Muthama, ambaye hakuolewa, mwanawe alimzalia nyumbani, na ndiye aliyeshika boma la baba, akaanza kutafuta chanzo. Kaka yake alirudi safi, alitoka kuhesabu blanketi. Basi nani kaleta kifo? "Mikono ya huyu mwanamke ina kitu," akasema. Tangu siku hiyo hakuna mtoto wa ukoo ule aliyewekwa mikononi mwa Kaluki. Akienda kumwona mzazi, kitoto kinanyanyuliwa upesi, kinapelekwa chumba cha ndani, eti kina usingizi.

Muthama aliyaona yote haya, na hakusema neno. Alichofanya ni kumhamisha mkewe mpaka Kambu, wakafyeka msitu, wakajenga, wakaingia kanisani. Yeye mwenyewe aliuita huo wema.

Sasa mpango wake ulikuwa huu: aende Mwingi peke yake, amchukue Kilonzo waliyekuwa naye Burma, amtafute mzee mwingine yeyote wa kuapa, apate barua, arudi kabla Kaluki hajauliza mengi. Lakini alipotoka kuoga alimkuta Kaluki ameshavaa gauni lake la kanisa.

"Wapi tena, mama?"

"Mwingi."

"Safari ni ndefu."

"Ndiyo maana. Mguu wako mbaya, nani atakubebea mfuko?" Akafunga leso kichwani, taratibu. "Mzee, hicho chuma. Si uliniambia ni kreti ya nyama ya kopo?"

"Ilikuwa siri ya serikali."

"Ahaa," Kaluki akasema. "Serikali."

Hakusema tena mpaka Mwingi. Muthama alisafiri na kimya hicho, akibadili tako la kukalia kila daraja, na alijua kwamba kando yake kuna mtu anapiga hesabu. Aliogopa kuliko alivyoogopa kwenye meli.

Ilikuwa siku ya soko la mifugo, na mbuzi walilia mpaka ndani ya ofisi ya chifu. Kilonzo, ambaye siku hizi alikuwa dalali wa ng'ombe, aliingia na fimbo yake na vumbi lake. Mutindi naye alikuja, kwa kuwa habari za kaka yake kuonekana mjini zilimfikia kabla Muthama hajamaliza kupiga miayo ya safari. Alifuatana na mkaza mwanawe, Kavata, aliyebeba kitoto cha miezi michache. Kaluki alinyoosha mkono kuwasalimu. Kavata alisalimia, kisha akakihamishia kitoto ubavu wa pili, mbali na Kaluki, kwa adabu kabisa. Wala Kaluki hakushangaa.

"Haya, tuanze," akasema Chifu Mutie, akichovya kalamu. "Mzee Kilonzo, huyu alivuka?"

"Alivuka na kutapika!" Kilonzo akacheka. "Tulipanda meli moja Mombasa, akatapika mpaka Kolombo. Mimi nikawa nalala juu ya sitaha kwa ajili ya harufu yake. Na lile bomu lilipoanguka, ni mgongo huu uliombeba. Mzito huyu, usimwone hivi."

Watu wakacheka, Muthama akapumua. Chifu aliandika, kisha akageukia benchi la ukutani alipokaa Mzee Ndululu, mkongwe wa macho hafifu. Chifu alikuwa amemwita mwenyewe. Alimwona ndiye shahidi bora kuliko wote, na hakujua anafanya nini. Ndululu alikuwa mzee wa ng'ondu.

"Kilonzo namjua," Ndululu akasema. "Nilimwosha kwa mikono hii. Wote waliotoka kule walipitia kwangu, hata waliokwishabatizwa, mama zao waliwaleta. Huyu hakupitia. Nilimfuata baba yake mpaka langoni nikamwuliza, akaniambia, wangu hajavuka. Na yule mzee hakuwa mwongo. Mimi siapi."

Kalamu ya chifu ikasimama. "Sasa hapo, Mzee Muthama, tuna shida. Shahidi mmoja anasema hivi, mwingine vile."

Muthama alikwenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Nje wateja wa Kilonzo walikuwa wakimngoja, lori la Thika lilikuwa likipakia, na nyonga ilikuwa ikiwaka moto. Angeweza kusema Ndululu amezeeka amesahau. Nani angembishia? Barua pengine ingetoka. Akamtazama Kaluki. Mama yule alikuwa ameinua uso, anamtazama yeye tu, na Muthama aliona kwamba hesabu imekwisha, jibu analo, anangoja kuona kama mumewe ataligeuza tena.

Chifu alikuwa mtu wa utani. "Sema tu, Mzee wangu. Mficha uchi hazai!"

Hakuna aliyecheka. Kilonzo alijikuna shingo. Kaluki aliinama akatazama sakafu, na ni hapo Muthama aliposhindwa kuushikilia uongo wake.

"Baba hakuwa mwongo," akasema. "Mwongo ni mimi. Nilivuka, nikaua watu, sijui wangapi. Nikamwambia baba nilikuwa nahesabu blanketi. Mwezi ulikuwa mbali, na mke wangu nilikuwa namsikia anatwanga nyuma ya nyumba. Nilishindwa kungoja. Basi. Ndiyo hivyo."

"Sasa naapa," akasema Ndululu.

Chifu aliandika, akagonga muhuri mara mbili kwa furaha, akidhani mambo yamekwisha. Mutindi alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Muthama alinyoosha mkono apokee barua yake, lakini mkono wa Kaluki ulifika kwanza.

"Chifu, asante," Kaluki akasema. "Yake umerekebisha. Na yangu je?"

"Yako ipi tena, mama?"

"Wifi yangu anaijua." Alisema hivyo bila kumtazama Mutindi. Aliikunja barua, akaifunga kwenye pindo la leso, akafunga fundo lingine juu ya fundo. "Mzee Ndululu, mwezi unaandama lini?"

"Umeandama juzi, mama."

"Umeandama juzi," Kaluki akarudia. "Haya. Atangoja unaofuata."

"Kaluki!" Muthama aliruka. "Lori linaondoka! Na mimi ni mzee wa kanisa, nitanyunyiziwa tumbo la mbuzi mbele za watu?"

"Na mimi ni wa kanisa. Unadhani naamini damu ya Mjapani iliwaua wanangu? Surua iliwaua. Wa mwisho Mungu anajua." Sauti yake ilikuwa ikitetemeka, na aliiacha itetemeke. "Lakini hawa waliamini, na wewe ulijua kwamba wanaamini. Neno moja tu, Muthama. Miaka yote hiyo ungesema neno moja wangeniondolea. Ulinitazama nikinyimwa hata kushika mtoto wa jirani, ukanihamisha Kambu kama mbuzi mgonjwa. Nimekuchukia leo. Nakwambia ukweli, leo nimekuchukia."

Ilikuwa mara ya kwanza Kaluki kumwita mumewe kwa jina lake tangu waoane.

"Na mguu?" Muthama akauliza, polepole.

"Daktari alisema mwaka. Mwezi mmoja hautauangusha. Utalala pale langoni uliposimamishwa na baba yako, na kila apitaye akuone, ajue ni nani aliyetakiwa kungoja. Ukimaliza nitakupa barua, na nitakupeleka Nairobi mwenyewe."

Kilonzo alikohoa. "Ndugu yangu, hapo hata mimi siwezi kukubeba," akasema, akaenda zake kwa ng'ombe wake.

Jua lilikuwa bado juu walipofika kwenye boma la baba. Wanawake waliingia. Muthama alibaki nje ya lango na mfuko wake, mzee wa kanisa mzima, watoto wa shule wakimtolea macho. Alisimama. Akazunguka jiwe. Akaegemea nguzo, nyonga ikakataa. Akawaza lori, akawaza Wariara na faili lake, akawaza kuruka ua na kuinyang'anya ile leso. Kisha akasikia mchi nyuma ya nyumba. Alimjua mtwangaji, kwa kuwa mapigo yake hayakubadilika.

Kitoto cha Kavata kikaanza kulia. Kavata alikitoa uani akikirusharusha, wapi, kilizidi. Mchi ukanyamaza. Kavata alimtazama mama mkwe wake. Mutindi akainuka, akakichukua kitoto kwa mikono yake mwenyewe, akavuka nacho uani mpaka kwenye kinu.

"Wifi," akasema. Akakiweka mikononi mwa Kaluki.

Kaluki alikishika vibaya. Shingo ililegea, akaiwahi, akakigeuza, mikono ikawa inatafuta mahali pake. Kisha akakilaza begani, akalia. Hakulia kwa kujificha. Alilia kwa sauti kubwa, sauti ambayo hakuitoa hata siku ya kumzika wa tatu, na kitoto kikanyamaza kikamsikiliza.

Muthama alikuwa ameshaweka mguu ndani ya lango.

"Kaluki!"

"Ngoja," Kaluki akasema, bila kugeuka.

Akaurudisha mguu nje. Akatafuta jiwe lenye upande wa bapa, akaketi.