Benchi la Mlangoni

Kitambaa cha altare hupigwa pasi kwanza upande wa ndani, kikiwa bado na unyevu kidogo, ndipo kinageuzwa. Mama Sindano alifundishwa hivyo na mama mkwe wake, naye alifundishwa na wa kwake, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Ijumaa ile alikuwa amefika nusu ya kazi aliposikia ukuta unagongwa kwa kijiko. Akaisimamisha pasi, akaenda chumba cha pili.

Binti yake alikuwa amelala ubavu, uso umeelekea dirishani. Walimwita Sindano tangu utotoni kwa wembamba wake, halafu akakua akawa mshonaji kweli, jina likamkaa sawasawa. Sasa wembamba ule haukuwa tena wa kutaniwa. Ugonjwa ulikuwa umemla mpaka mtu akimgeuza kitandani anaogopa kumshika kwa nguvu.

"Maji, mwanangu?"

"Hapana, Mama. Nataka Meza ya Bwana." Alipumzika kidogo, maana maneno nayo yalikuwa yanamchosha. "Nimekuwa nasikia harufu ya pasi yako, nikakumbuka Jumapili. Nataka kula mara moja kabla sijaenda."

Mama Sindano alimfuta midomo kwa kitambaa chenye maji, akasema atazungumza na baba yake. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeombwa chumvi. Mgonjwa mwingine yeyote wa usharika ule angeletewa Meza kitandani kwake siku hiyohiyo. Sindano alikuwa ametengwa.

Alimwacha mume wa ndoa, akaenda kuishi na fundi wa cherehani bila kufungishwa ndoa. Baraza la wazee likamweka kwenye benchi la mlangoni, mahali wanapokaa waliotengwa mpaka siku watakaposimama mbele ya watu wote, waulizwe, wajibu, wapokelewe. Alikaa pale Jumapili moja tu, akaondoka asirudi. Fundi wake alipofariki, naye ugonjwa ukamshika, alirudi kwao na mashine yake ya kushonea na mfuko wa nguo. Baba yake alifungua geti mwenyewe. Aliibeba ile mashine peke yake, nzito vile, akaiweka chini ya dirisha mahali penye mwanga mzuri. Hakumsema kwa lolote. Mama yake aliona, akamshukuru Mungu kimyakimya.

Lakini baba huyohuyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la wazee.

Alikuwa seremala. Watoto wa darasa la kipaimara walimwita Mzee Rula kwa sababu ya rula ya kukunja aliyokaa nayo mfukoni mwa shati hata kanisani. Mabenchi yote ya kanisa aliyaunda yeye, na lile la mlangoni pia, na ukilikalia huoni tofauti: mbao ileile, mgongo uleule, msasa uleule. Alijivunia hilo. Alikuwa anasema aliyetengwa naye ana mgongo.

Usharika wao ulianzia kwenye ghala la mbao, enzi za babu zake. Familia chache zilikuwa zimetoka kanisa kubwa la mjini, ambako waliotoa zaidi walikaa mbele na kula Meza kwanza, na maskini wakanywea mwisho kikombe kilichobaki matone. Wale wazee wakasema neema hainunuliwi wala haichumwi, Mungu huitoa bure kwa anayemwamini, sasa itakuwaje na viti vya mbele? Wakahama na Biblia moja na kikombe cha bati. Mpaka leo, kwao watu huenda Mezani wakianzia benchi la nyuma, na hakuna anayetangulizwa, awe nani. Mzee Rula aliwafundisha watoto habari hiyo kila mwaka, na kila mwaka alikitaja mara mbili kile kikombe cha bati.

Mama Sindano alimkuta nyuma ya nyumba, kwenye karakana, anapiga randa.

"Mtoto anataka Meza," alisema.

Randa ikasimama. "Jumapili ni keshokutwa."

"Anaitaka sasa, Baba Sindano. Mchungaji ana kile kikasha chake cha kuwapelekea wagonjwa mkate na divai. Tumpigie simu."

"Kikasha ni cha wagonjwa. Aliyetengwa kwanza anarudi kundini. Anasimama mbele, anajibu. Unalijua hilo kama ninavyolijua mimi."

"Atasimama kwa miguu ya nani? Hata kukaa hawezi."

Mzee alipuliza vumbi la mbao kwenye randa. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira, mkewe angejua pa kuishika. "Mke wa fundi viatu alisimama pale na mimba kubwa. Mimi ndiye niliyemuuliza maswali. Jasho lilikuwa linamtiririka, na mimi nauliza. Leo nimwite mchungaji nyumbani kwangu, kwa mlango wa nyuma, kwa sababu huyu ni damu yangu? Nitamtazama vipi yule mama? Ule ni upendeleo. Ndicho kitu kilichowatoa babu zetu kule mjini."

Mke wa fundi viatu alisimama kweli, na Mama Sindano mwenyewe ndiye aliyempa leso baadaye.

"Nitamtengenezea kiti," mzee alisema, na macho yakamng'aa kidogo, kama yalivyong'aa kila alipopata njia ya kuunga mbao mbili ngumu. "Kiti chenye mikono ya kubebea, mbele na nyuma. Watu wanne watambeba mpaka mbele. Atarudi kundini amekaa kama malkia, na hakuna atakayesema tumempitisha pembeni."

Akaingia chumbani na rula yake. Alimpima binti yake mabega, mgongo, na urefu wa paja, polepole, akiomba radhi kila alipomgusa.

"Baba, taratibu, sijaagiza suti," Sindano alisema.

"Nyamaza. Miaka yote umepima watu, leo zamu yako."

Wakacheka wote wawili, kicheko chembamba. Mama Sindano alirudi kwenye pasi yake ili asionekane uso.

Jumamosi kutwa ilikuwa ni randa na nyundo. Sindano alisikiliza kupitia ukutani. Asubuhi aliuliza baba amefika wapi, akaambiwa miguu tayari. Baadaye akawa haulizi tena. Alipokuwa akipumua ilisikika kitu kama karatasi inakunjwa.

Mama Mikate, jirani mwenye tanuri, alikuja na mkate laini alioukata maganda yote, na maziwa ya kuuchovya. Alimlisha mgonjwa vipande viwili, cha tatu kikarudi. Akamvuta Mama Sindano mpaka mlangoni.

"Shoga, mwite mchungaji. Huyu Jumapili haioni."

"Mzee anamalizia kiti."

"Kiti nakisikia, majirani wote tunakisikia. Wewe piga simu. Mzee Rula akikasirika, mlete kwangu, nitampa mkate wa juzi autafune mpaka apoe."

Mama Sindano alitabasamu, akaichukua simu, akalitafuta jina la mchungaji. Mchungaji alikuwa anaishi mbali, anahudumia sharika kadhaa, lakini alikuwa amewaambia wote: nikiitwa nitakuja, hata baraza likinuna. Kidole kilikaa juu ya jina lile. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumpita mumewe katika jambo la kanisa. Na ilikuwa imebaki kesho tu. Na kiti kilikuwa kinakwenda vizuri. Akairudisha simu mfukoni mwa aproni.

Alasiri mzee aliingia na kiti begani. Kilikuwa kizuri mno. Mikono ya kubebea ilikuwa ya mviringo, imelainishwa isimkwaruze mtu, na kwenye egemeo alikuwa amepigilia mto mdogo. Alikiweka mbele ya kitanda ili binti yake akione vizuri.

"Kizuri, Baba," Sindano alisema. Alikitazama kwa muda, kama mshonaji anavyotazama mshono wa mtu mwingine. "Baba. Ulikuwa unatuuliza darasani. Nani anafaa kuja Mezani?"

Mzee alibaki amesimama, mkono juu ya egemeo. Ni yeye aliyewafundisha jibu lile, vizazi na vizazi vya watoto wenye soksi nyeupe, wakilitamka kwa pamoja mpaka madirisha yanatetemeka.

"Mwenye njaa," alisema.

"Nina njaa, Baba."

Alitoa simu mfukoni mwa shati, rula ikaanguka sakafuni, hakuiokota. Alimpigia mchungaji akiwa amesimama palepale. Alisema, "Njoo na kikasha. Ni mimi ninayekuita." Halafu akatoka kwenda kusimama getini, kana kwamba kumtazamia mtu kunafupisha barabara.

Mama Sindano alikaa kitandani, akakipakata kichwa cha mtoto wake. Pumzi zilikuwa zimeanza kuachana. Akakumbuka kwamba usharika wao unafundisha hili pia, ingawa hakuna anayelitumia: mchungaji asipokuwepo, Mkristo yeyote anaweza kumtangazia mwenzake msamaha, na ukasimama. Hakuwahi kufikiri kwamba "yeyote" ni yeye, mwenye kupiga pasi.

"Mwanangu," alisema, "kwa ajili ya Yesu, umesamehewa dhambi zako zote."

"Zote?"

"Zote. Hata bakuli la bibi yako."

Mdomo wa Sindano ulisogea upande mmoja. Alikuwa amelivunja akiwa mdogo, akamsingizia paka. Baada ya hapo hakusema tena. Mchungaji alipoingia na vumbi la njia, amekishika kikasha kifuani, mzee akiwa nyuma yake, mama mtu alikuwa anamfumba macho.

Mchungaji hakumlaumu yeyote. Alipiga magoti kando ya kitanda kwa muda mrefu, halafu akakiweka kikasha chini, bado kimefungwa. Mzee alirudi karakana. Safari hii hakuwa na haja ya kupima. Vipimo alikuwa navyo.

Jumapili hakuna kengele iliyopigwa kwa ajili ya marehemu, maana aliyekufa akiwa ametengwa hapigiwi. Kitambaa kilikuwa mezani, kimenyooka, cheupe. Mama Sindano aliingia, akamtafuta mumewe kwenye viti vya wazee, hakumwona. Alikuwa kwenye benchi la mlangoni, peke yake, mikono magotini. Hakuna aliyemweka pale. Akaenda akakaa naye. Mgongo wa benchi ulikuwa mzuri kweli.

Ulipofika wakati wa Meza, mzee wa zamu aliliashiria benchi la nyuma liinuke. Ni benchi la kina Mama Mikate, lililo mbele tu ya lile la mlangoni. Hawakuinuka. Mke wa fundi viatu naye alikuwa pale. Alitazama nyuma mara moja, akatazama mbele, akabaki amekaa. Mzee wa zamu akaashiria tena. Mama Mikate akasema, taratibu lakini kanisa zima likasikia, "Sisi si wa nyuma leo. Kuna watu nyuma yetu."

Kisha mchungaji akachukua sahani na kikombe, akashuka, akapita katikati ya mabenchi yote mpaka mlangoni.

Mzee Rula alitikisa kichwa. Mchungaji hakuondoka. Mama Sindano akamshika mumewe kifundo cha mkono, akakigeuza kiganja kikaangalia juu, kama mtu anayemfungua mtoto ngumi. Kucha bado zilikuwa na gundi ya mbao.

Mkate uliwekwa kiganjani. Kipande chembamba, kidogo kama kifungo cha shati. Mzee alikitazama bila kula, machozi yanamdondokea, na Mama Sindano alijua anachokitazama, kwa sababu naye alikuwa anakitazama hichohicho: kitu kidogo vile, kisicho na uzito, kingeingia mfukoni mwa shati pamoja na rula, kingemfikia mtoto Ijumaa ile.